Uvimbe wa Jicho Usiosubiri Kesho

Newtown, upande wa magharibi wa katikati ya jiji la Johannesburg, ilizaliwa na ugonjwa. Machi 1904 tauni ya mapafu ililipuka katika mtaa wa mabanda wa Wahindi na Waafrika uliokuwa mahali hapo. Mohandas Gandhi, wakati huo wakili jijini, na wenzake walivunja kufuli la nyumba tupu wakaigeuza wodi, na Dk. William Godfrey akakesha na wagonjwa. Mwezi uliofuata zimamoto waliuteketeza mtaa mzima. Wakazi wake walihamishiwa Klipspruit, kusini-magharibi mwa jiji, makazi ambayo baadaye yalikua yakawa sehemu ya Soweto. Ardhi iliyobaki majivu ikapimwa upya na kupewa jina jipya, Newtown.

Leo ni mtaa wa tamthilia na makumbusho. Market Theatre, iliyofunguliwa 1976 ndani ya jengo la soko la zamani la matunda la Wahindi, bado inaonyesha michezo. Hatua chache kutoka hapo, kwenye kituo cha Metro Mall, magari ya abiria ambayo wenyeji huyaita teksi, na Mtanzania angeyaita daladala, hupakia tangu alfajiri. Katika umati huo Kiswahili husikika: cha Kivu, cha Tanga, cha Mombasa. Ni watu waliokuja kutafuta riziki, wengi wakiwa na watoto wadogo, na wengi wakiwa na hofu ya hospitali kubwa inayozidi hofu yao ya ugonjwa.

Kwa watu hawa, na kwa ndugu zao waliobaki nyumbani, kuna ugonjwa mmoja unaostahili kujulikana vizuri kuliko unavyojulikana sasa. Hauna kishindo cha tauni. Huanza na mafua ya kawaida, chokea kwenye ukope, au jino bovu la taya la juu. Ukipuuzwa siku mbili tatu unaweza kulizima jicho, na ukipuuzwa zaidi unaingia kwenye ubongo. Ni maambukizi ya bakteria ndani ya tundu la jicho.

Ili kuuelewa ni lazima kujua mpaka mmoja mdogo mwilini. Nyuma ya ngozi ya kope kuna utando mwembamba ulioshikizwa kwenye ukingo wa mfupa unaozunguka jicho. Maambukizi yakibaki mbele ya utando huo, yako kwenye ngozi tu: kope zinavimba, zinakuwa nyekundu na moto, lakini jicho lenyewe liko salama. Mara nyingi chanzo ni chokea, mdudu aliyeng'ata, mkwaruzo uliochafuka, au kifuko cha machozi kilichoziba na kujaa usaha. Dawa za kunywa hutosha kwa wagonjwa wengi wa namna hii, ilimradi daktari awaone na waangaliwe tena baada ya siku moja au mbili.

Yakiwa nyuma ya utando ni habari nyingine kabisa. Huko kuna mafuta yanayolilaza jicho, misuli inayolizungusha, na neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Mifupa imelizingira eneo hilo pande zote isipokuwa mbele, kwa hiyo usaha ukijaa hauna pa kutanukia. Unalisukuma jicho nje na kuibana neva. Mishipa ya damu ya hapo nayo haina vali za kutosha kuizuia damu kurudi kinyume, na inaelekea moja kwa moja ndani ya fuvu.

Bakteria hufikaje huko? Mara nyingi kupitia sainasi, yale mashimo ya hewa yaliyomo kwenye mifupa ya uso. Yaliyo kati ya macho mawili yametenganishwa na tundu la jicho kwa mfupa mwembamba kama karatasi, tena wenye vitundu vya asili ambamo mishipa hupita. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa na makamasi mazito wiki nzima anaweza kuamka asubuhi moja jicho limefumba. Watoto hupatwa zaidi kuliko watu wazima, na miezi ya baridi, ambayo Johannesburg ni Juni hadi Agosti, huleta wagonjwa wengi zaidi kwa sababu ndiyo miezi ya mafua.

Tuchukue mfano wa mvulana wa miaka tisa. Jumatatu ana mafua. Alhamisi analalamika kichwa, na mama anampa paracetamol. Ijumaa asubuhi kope za jicho la kushoto zimevimba. Mama anadhani ni mdudu au vumbi. Dawa ya homa imeshusha joto, kwa hiyo mtoto anaonekana na nafuu, anacheza kidogo. Jumamosi kope hazifunguki tena, na mtoto hataki kugeuza macho kwa sababu yanauma. Kila hatua ya siku hizo inaeleweka, na hakuna mzazi wa kulaumiwa kwa kuwaza mdudu kwanza. Lakini kati ya Ijumaa na Jumamosi kuna dalili zilizokuwa zinaonekana kwa mtu anayejua pa kutazama.

Dalili hizo hazihitaji mashine. Fungua kope taratibu kwa vidole safi. Mwambie mgonjwa afuate kidole chako kulia, kushoto, juu na chini bila kugeuza kichwa: je, jicho lililovimba linakwenda sawa na jingine, au linakwama? Je, kuligeuza kunamuuma? Simama nyuma yake akiwa ameketi, mtazame kutoka juu ya paji la uso: je, jicho moja limetokeza mbele? Ziba jicho lisiloumwa, umwambie ahesabu vidole vyako au asome maandishi ya pakiti ya chai. Muonyeshe kitu chekundu kwa jicho moja kisha kwa jingine. Wekundu ukionekana umefifia kwa jicho linaloumwa, neva inabanwa. Akiona vitu viwili viwili, hiyo nayo ni dalili. Utando unaofunika weupe wa jicho ukiwa umevimba na kutuna, usiupuuze.

Jibu moja tu baya kati ya hayo linatosha. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku, hata ikiwa ni Jumapili. Na kope zikiwa zimevimba kiasi kwamba huwezi kuzifungua ulione jicho, usijifariji kwamba hujaona dalili mbaya: kutoweza kuliona ndiko sababu ya kwenda. Mtoto mchanga mwenye uvimbe na homa aende bila kupimwa nyumbani, maana hawezi kukueleza anachokiona. Maumivu makali ya kichwa, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa au degedege ni ishara kwamba huenda ugonjwa umeshafika kwenye ubongo.

Kinachowachelewesha watu zaidi ni kufanana kwa magonjwa. Mwanzoni mwa 2024 ugonjwa wa macho mekundu unaoletwa na virusi ulienea Dar es Salaam na mikoa mingine ya Tanzania, kisha ukaripotiwa Mombasa. Wengi waliougua walipona wenyewe. Somo walilobaki nalo baadhi ya watu ni kwamba jicho jekundu ni la kuvumiliwa tu. Lakini macho mekundu ya virusi kwa kawaida hushika macho yote mawili, huwasha na kutoa machozi, jicho hugeuka bila shida, na kuona hubaki karibu kama kawaida. Uvimbe wa jicho moja wenye homa na maumivu ya kuligeuza si ndugu wa ugonjwa ule.

Kichelewesho cha pili ni dawa ya kujitibia. Matone ya antibaiotiki hayafiki nyuma ya jicho. Mtu anaweza kumaliza chupa nzima huku usaha ukiongezeka kule ambako tone halifiki. Matone yenye steroidi ni mabaya zaidi, kwa kuwa hupunguza wekundu na kumpa mgonjwa matumaini wakati kinga ya mwili imefungwa mikono. Maziwa ya mama, mkojo, maji ya majani na unga wa mizizi huongeza vijidudu vipya. Mwaka 1994 madaktari Yorston na Foster walichapisha uchunguzi wao wa vidonda vya kioo cha jicho nchini Tanzania. Karibu robo ya vidonda hivyo vilihusishwa na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Huo ni ugonjwa tofauti na huu, ila mkono unaotia dawa ni uleule, na nia yake njema ni ileile.

Nini hutokea watu wakichelewa sana, Afrika Kusini inajua kwa takwimu. Kati ya 1983 na 1997 hospitali ya Wentworth mjini Durban ilipokea wagonjwa 699 waliokuwa na usaha kati ya utando wa ubongo na ubongo wenyewe. Wengi walikuwa watoto na vijana. Kwa takriban theluthi mbili yao chanzo kilikuwa sainasi, mashimo yaleyale ya mafua. Hospitali moja, miaka kumi na mitano, karibu watu mia saba. Katika ugonjwa wa aina hiyo uvimbe wa jicho mara nyingi huwa miongoni mwa dalili za mwanzo zinazoonekana kwa nje. Ni vigumu kuitazama hesabu hiyo bila kujiuliza ni wangapi walikaa nyumbani wiki nzima wakisubiri uvimbe ushuke.

Kabla ya antibaiotiki, kusubiri na kufika mapema havikutofautiana sana. Vitabu vya tiba vya zamani husema kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya watano wa maambukizi ya tundu la jicho alifariki, na mmoja kati ya watano alipofuka. Hata mtu wa kwanza kutibiwa kwa penisilini ya Oxford alikuwa na maambukizi ya uso na jicho. Albert Alexander, polisi wa Uingereza mwenye miaka 43, alikuwa na majipu usoni na kichwani, na jicho moja lilikuwa limeshaondolewa. Tarehe 12 Februari 1941 alidungwa penisilini iliyotengenezwa na kundi la Howard Florey. Homa ilishuka, akaanza kula. Dawa ilikuwa adimu kiasi kwamba ilichujwa kutoka kwenye mkojo wake ili adungwe tena. Kisha ikaisha. Maambukizi yakarudi, na tarehe 15 Machi akafa.

Mtoto wa Newtown leo hana tatizo la Alexander. Dawa ipo, ni ya bei nafuu kwa serikali, na hospitali za umma zinayo. Anachoweza kukosa ni muda.

Akifika hospitali, jambo la kwanza ni dawa ya mshipa. Mara nyingi ni ceftriaxone, pengine pamoja na nyingine kulingana na chanzo na umri. Picha ya CT huonyesha kama kuna usaha, uko wapi, na kama sainasi na ubongo vimeguswa. Foleni ya CT katika hospitali za umma inaweza kuwa ndefu, na hapa ni haki ya mzazi kuuliza kwa adabu lakini bila kuchoka: dozi ya kwanza imeshatolewa? Dozi hiyo haipaswi kungoja picha.

Baada ya hapo jicho hupimwa mara kwa mara. Nesi anamulika tochi kuona kama mboni inasinyaa, anauliza mgonjwa anaona nini, anaangalia kama jicho linageuka zaidi ya asubuhi. Daktari wa macho na daktari wa masikio, pua na koo hufanya kazi pamoja, kwa sababu ugonjwa uko kwenye jicho lakini shina liko puani. Mgonjwa asipopata nafuu ndani ya siku moja hadi mbili, au kuona kukipungua, usaha hutolewa kwa upasuaji, mara nyingi kwa kifaa kinachopitishwa puani bila kuacha kovu usoni. Kwa watoto wadogo wenye jipu dogo na macho yanayoona vizuri, madaktari wanaweza kuamua kulitibu kwa dawa pekee huku wakiliangalia kwa karibu. Mzazi asishangae mtoto wa kitanda cha jirani akipasuliwa na wake akaachwa.

Mgonjwa akiruhusiwa huendelea na vidonge, na tiba yote huchukua wiki mbili hadi tatu. Siku ya tano jicho linakuwa limefunguka na mtoto anataka kurudi shule. Hapo ndipo vidonge husahauliwa kabatini. Vimalizwe.

Kinga ipo, na imeshaokoa macho mengi bila kelele. Zamani bakteria aitwaye Hib alikuwa miongoni mwa wasababishaji wakuu wa ugonjwa huu kwa watoto wadogo. Chanjo yake iliingia katika ratiba ya Afrika Kusini mwaka 1999, Kenya 2001, Uganda 2002 na Tanzania 2009, na popote ilipoenea mdudu huyo amerudi nyuma. Chanjo ya nimonia, inayozuia bakteria mwingine wa sainasi, ilianza Afrika Kusini 2009 na Kenya 2011. Familia inayohama isiache kadi ya chanjo ya mtoto nyuma. Ikipotea njiani, kliniki ya mtaa inaweza kupanga dozi zilizokosekana.

Si kila hatari ya eneo la jicho ni bakteria. Mkanda wa jeshi ukitokea kwenye paji la uso, upande mmoja, pamoja na maumivu ya kuunguza, uko kwenye neva inayohudumia pia jicho. Jonathan Hutchinson, daktari Mwingereza wa karne ya 19, aligundua alama ambayo bado hutumika: malengelenge yakifika kwenye ncha au ubavu wa pua, uwezekano wa jicho kuguswa ni mkubwa. Dawa ya aciclovir hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 72. Kwa kijana, mkanda wa jeshi wa aina hii pia ni sababu ya kupima VVU bila kuchelewa, na katika nchi ambayo mamilioni wanaishi na virusi hivyo na dawa zake hutolewa bure katika kliniki za umma, majibu ya kipimo ni mwanzo wa tiba.

Wenye kisukari wana onyo lao. Mwaka 2021 India ilipata makumi ya maelfu ya wagonjwa wa fangasi hatari anayeanzia puani na kuingia kwenye tundu la jicho, wengi wakiwa na kisukari na wakiwa wametoka kutibiwa COVID-19 kwa steroidi. Sukari ikiwa juu, na uso ukauma au kufa ganzi upande mmoja, kisha doa jeusi likaonekana puani au kwenye kaakaa, antibaiotiki haisaidii. Inahitajika amphotericin B na upasuaji wa haraka.

Limebaki suala la mlango wa hospitali, na kwa Mswahili wa Johannesburg pengine ndilo zito kuliko yote. Katika miaka ya karibuni, makundi yanayopinga wageni yamesimama kwenye malango ya kliniki za Gauteng yakidai vitambulisho na kuwarudisha watu. Mama aliyewahi kuliona jambo hilo, au kulisikia tu, atafikiri mara mbili kabla ya kumbeba mtoto usiku. Saa anazotumia kufikiri ndizo zilezile ambazo neva ya jicho haina.

Sheria iko upande wake. Kifungu cha 27(3) cha Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 kinasema hakuna anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura, na hakitaji uraia. Aprili 2023 Mahakama Kuu mjini Johannesburg ilithibitisha kwamba wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wa chini ya miaka sita wana haki ya huduma za bure za umma bila kujali wametoka wapi au wana karatasi gani. Novemba 2025 mahakama hiyohiyo ililipiga marufuku Operation Dudula, mojawapo ya makundi hayo yanayopinga wageni, kuzuia watu kupata huduma za afya na kudai vitambulisho vyao. Karani wa mapokezi anayemwambia mama aende kwanza kutafuta karatasi, wakati jicho la mwanawe limetokeza nje, anavunja sheria ya nchi yake.

Kutoka Newtown hospitali ya Charlotte Maxeke iko Parktown, safari fupi kwa kuvuka daraja la Nelson Mandela na kupita Braamfontein. Kituo cha afya cha Hillbrow kiko karibu pia na hupokea dharura. Soweto, kwenye uwanja wa hospitali ya Chris Hani Baragwanath, kuna hospitali ya macho ya St John, katika mji uleule ambao watu waliofukuzwa na moto wa 1904 walisaidia kuuanzisha. Kwa walioko nyumbani, CCBRT iko Dar es Salaam, KCMC Moshi, na kitengo cha macho cha Kikuyu kiko nje kidogo ya Nairobi. Ila dozi ya kwanza ya mshipa inaweza kutolewa na hospitali yoyote ya wilaya, na haifai kusafiri siku nzima bila hiyo.

Ukifika mapokezi usianze na hadithi ndefu ya mafua. Taja mambo matatu kwanza: jicho haligeuki au linauma likigeuka, haoni vizuri, ana homa. Kama Kiingereza ni kigumu, nenda na jirani anayekijua, au mpigie simu amweleze nesi. Taja dawa zote zilizokwisha kutumika, hata za kienyeji, hata kama unaona aibu. Daktari anahitaji kuzijua ili achague dawa sahihi. Usimpe mtoto chakula njiani kabla hujamuuliza nesi, kwa sababu huenda akahitaji kulazwa usingizi kwa ajili ya upasuaji. Na kama huna usafiri, gari la wagonjwa la serikali ya Afrika Kusini huitwa kwa namba 10177, au 112 kutoka simu yoyote ya mkononi.